Amana Isiyo na Ujira: Juu ya Wajibu wa Mlezi wa Kujitolea

Mtu mzima anapojitolea kumwongoza mwanafunzi wa sekondari asiye wa ukoo wake, bila ujira na bila kulazimishwa na yeyote, huzuka swali ambalo waandaaji wa mipango ya namna hii hulikwepa kwa sababu ya staha: je, hisani inaweza kudaiwa, na inafaa kumchuja, kumfundisha na kumsimamia mtu ambaye angeweza kubaki nyumbani kwake bila kumkosea yeyote? Mlezi wa kujitolea, kwa maana inayotumika hapa, si mwalimu wa malezi na unasihi aliyeteuliwa na shule, wala si mfadhili wa karo. Ni fundi, muuguzi, mfanyabiashara au mstaafu anayekutana na kijana mmoja mara kwa mara, akamsikiliza na kumsaidia kuyafikiri masomo yake, mwenendo wake na maisha yanayomngoja baada ya shule. Kwa kuwa watu hawa ni adimu na wanafunzi wanaowahitaji ni wengi, kishawishi cha kumpokea kila anayejitokeza ni kikubwa, na hoja inayotumika kukihalalisha ni kwamba nia njema inatosha.

Hoja hiyo haina budi kupimwa kwanza kwa kipimo chake yenyewe. Imamu Ghazali, aliyekuwa mwalimu wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, aliiacha kazi hiyo mwaka 1095 baada ya kujichunguza na kuona kwamba ufundishaji wake ulikuwa umechanganyika na kutaka jaha, yaani cheo na sifa mbele ya watu, na hakurudi kufundisha rasmi hadi mwaka 1106, huko Nishapur. Ikiwa mwanachuoni wa daraja hiyo aliitilia shaka nia yake mwenyewe, ni vigumu kuamini kwamba kamati ya uteuzi inaweza kuisoma nia ya mgeni katika usaili wa nusu saa. Nia ni siri ya mtu na Mola wake. Wanachoweza kukichunguza binadamu wenzake ni uwezo wake, mwenendo wake uliopita, na kama ahadi zake ndogo huzitimiza.

Mwongozo unaofaa zaidi unapatikana katika fikihi, elimu ya sheria za Kiislamu, kwenye mlango wa wadia, yaani mali inayowekwa kwa mtu ili aitunze. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake cha Minhaj ni miongoni mwa nguzo za madhehebu ya Kishafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, anawapanga wapokeaji wa amana katika mafungu matatu: asiyeweza kuihifadhi, kwake ni haramu kuipokea, anayeweza lakini haiamini nafsi yake, kwake ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza ingawa halijaharamishwa, na anayeweza na kujiamini, kwake ni jambo linalopendekezwa. Hukumu hizi hazisubiri malipo. Mpokeaji hatozwi amana ikipotea kwa bahati mbaya, lakini hutozwa akiizembea, hata kama hakulipwa senti moja, kwa kuwa hiari yake ilikuwa kabla ya kupokea. Kwa hiyo kumchuja anayejitolea si kuidharau hisani yake. Ni kumsaidia kujua yuko katika fungu lipi kabla hajaingia.

Ushahidi wa nje ya fikihi unaelekea upande huohuo. Mwaka 1904 Ernest Coulter, karani wa mahakama ya watoto mjini New York, aliwaomba wanaume wa kanisa moja wajitolee, kila mmoja kumsimamia mvulana mmoja kati ya waliokuwa wakifikishwa mbele ya mahakama hiyo, na wito huo ni mmoja wa mizizi ya shirika la Big Brothers Big Sisters of America. Karibu karne moja baadaye, mwaka 2002, Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha uchambuzi uliohusu vijana zaidi ya 1,000 wa umri wa miaka 10 hadi 16 walioomba walezi kupitia shirika hilo, wakaona kwamba waliodumu na walezi wao mwaka mzima au zaidi ndio waliofaidika zaidi, ilhali wale ambao uhusiano wao ulivunjika ndani ya miezi mitatu walishuka katika kujithamini na katika imani yao juu ya uwezo wao wa masomo. Matokeo hayo yanaivunja dhana iliyozoeleka kwamba msaada mdogo daima ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Kijana aliyekwisha kuachwa na watu wazima wawili, akimpata wa tatu anayeahidi Jumamosi na asitokee, hachukulii kwamba watu wana shughuli nyingi; huchukulia kwamba yeye ndiye asiyestahili kufuatwa.

Hata hivyo mfano wa amana una mpaka wake, na mpaka huo ndio unaoonyesha mafunzo yawe ya nini. Mali hurudishwa kama ilivyokuwa, ilhali mwanafunzi ana sauti yake na anatarajiwa kukua kuelekea njia ambayo si lazima mlezi angemchagulia. Kosa la kawaida la mlezi mpya si ukatili bali ni haraka ya kushauri. Mwanafunzi wa kidato cha pili anasema, huku akikunjakunja ncha ya sweta yake, kwamba shule imemchosha na anataka kwenda kuendesha bodaboda. Kabla hajamaliza, mlezi ameshaanza kueleza jinsi yeye alivyosoma kwa kibatari na kwenda shule peku, na mazungumzo yamekwisha ingawa mmoja bado anasema. Huenda karo haikulipwa, huenda kijana alidhalilishwa mbele ya wenzake, hakuna atakayejua. Mafunzo yenye maana humzoeza mlezi kuuliza swali moja na kunyamaza, kwa sababu jibu la kwanza la kijana mara nyingi ni la kumjaribu anayeuliza. Humweleza siri zipi azitunze na zipi, kama vile habari za kupigwa au kunajisiwa, azifikishe siku hiyohiyo kwa mwalimu wa malezi. Na humkataza kukutana na mwanafunzi mahali pa faragha, kumkopesha fedha au kumwahidi kazi. Anayeona masharti haya ni tusi kwa wema wake ameonyesha kwamba anautazama wema huo zaidi ya anavyomtazama mtoto.

Suala la kama anayejitolea apewe posho halihitaji kuwashughulisha watu sana. Nchini Tanzania shirika la CAMFED huwashirikisha wanawake vijana waliomaliza sekondari, ambao hurudi shuleni kuwaongoza wadogo zao, na huweza kupata mikopo isiyo na riba kwa biashara zao. Hakuna sababu ya kuona kwamba hilo linaichafua hiari yao. Kumnyima mtu nauli kwa jina la usafi wa nia ni kuufanya ulezi kuwa kazi ya wenye nafasi peke yao, wakati aliyetoka katika kijiji kilekile ndiye anayezijua shida za mwanafunzi bila kusimuliwa.

Linabaki suala la kuondoka, ambalo lilistahili kufundishwa tangu siku ya kwanza. Fikihi inamruhusu mpokeaji kuirudisha amana, lakini inamwekea utaratibu: akikusudia safari, airudishe kwa mwenyewe au wakili wake, akiwakosa hao, kwa kadhi, na akimkosa kadhi, kwa mtu mwaminifu. Mlezi aliyehamishwa kikazi kutoka Tanga kwenda Mbeya hana lawama kwa kuhamishwa. Anachodaiwa ni kumwambia mwanafunzi mwenyewe, ana kwa ana, mapema na kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote. Kisha kuwajulisha mratibu wa mpango na mzazi. Na kukaa walau mara moja pamoja na mlezi anayempokea, ili kijana aseme mbele ya wote wawili ni mambo gani anataka mgeni ayajue, na ni yapi anataka yabaki kwa yule anayeondoka.