Kazi ya Kando Ipi ni Halali?



Yako maneno yanayoulizwa mara nyingi katika sharika zetu, huku Nyarubungo na pande za Ngara pia. Waulizao ni vijana na akina mama hasa. Husema: "Tumeanza biashara ndogo, lakini bado haitulishi. Je, ni haki kutafuta kazi nyingine ya saa chache, tuifanye tukiwa nyumbani, mpaka biashara ipate nguvu? Na kazi iliyo halali twaitambuaje?" Hayo ni maswali mawili. Wengi hulijibu la kwanza upesi na kulisahau la pili, kumbe hilo ndilo lenye hatari.

Kwa habari ya swali la kwanza, wako wazee wanaotukumbusha ya kuwa mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo ni ya kweli, walakini haina maana kwamba kila mwenye kazi mbili ni mpumbavu. Mtazameni mkulima wa kahawa. Akiisha kupanda miche yake, hungoja miaka mitatu hivi kabla ya kuchuma mavuno ya maana. Nyumba yake itakula nini siku hizo zote? Basi hupanda maharagwe katikati ya mistari, nayo huyavuna baada ya miezi mitatu hivi. Hakuna mtu amwambiaye ya kuwa ameiacha kahawa. Maharagwe ndiyo yanayomwezesha kuingoja.

Na asiye na maharagwe hufanyaje? Sisi watu wa Kagera twalijua jibu, maana jina lake ni butura. Mtu mwenye shida humwuzia mwenye fedha kahawa yake ingali maua mtini, kwa bei ndogo sana, na wakati wa mavuno mwingine ndiye achumaye. Viongozi wa serikali wameikataza desturi hiyo mara nyingi, lakini katazo peke yake halimlishi mtu. Biashara changa nayo ina butura yake. Mshonaji huuza cherehani ili alipe deni la dawa; mwenye duka hula mtaji wake kidogo kidogo; mwingine hukimbilia mikopo ile ambayo watu wameiita kausha damu. Kazi ya kando, ikiwa ni ya haki, humwokoa mtu asiuze maua yake. Kwa hiyo twasema ya kuwa kuitafuta si kosa, na mara nyingi ni wajibu wa mwenye nyumba.

Wala asidhani mtu ya kuwa kazi ya namna hii yampunguzia heshima. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, twasoma ya kuwa Mtume Paulo alipofika Korintho alikaa nyumbani mwa Akila na Prisila, akafanya kazi pamoja nao, kwani wote walikuwa mafundi wa kushona hema. Siku ya Sabato alisema na watu katika sinagogi. Hata Sila na Timotheo walipofika kutoka Makedonia, alizidi kujitoa katika kulihubiri Neno. Angalieni jinsi kazi ya kando ilivyokuwa na mahali pake: ilimlisha fundi wakati wa upungufu, na wakati wa kazi kubwa ulipofika haikumzuia.

Sasa tulitazame swali la pili. Wengine husema ya kuwa halali ni kila jambo ambalo serikali haijalikataza. Neno hilo ni mwanzo mwema, lakini halitoshi, kwa sababu mtego hutegwa kwanza, na katazo huja baadaye. Twaona liko swali jingine, ambalo hata asiyejua sheria aweza kujiuliza: Fedha hii yatoka kwa nani, na huyo aliyeitoa amepata nini?

Lijaribuni swali hili kwa kazi mzijuazo. Mama ashonaye sare za shule barazani kwake apokea fedha ya mzazi, na mzazi aondoka na nguo ya mtoto. Mwenye mizinga ya nyuki katika mapori ya Biharamulo auza asali, na mnunuzi aila. Mwalimu afundishaye hesabu jioni apokea ada, na mtoto ajua kugawanya. Hata wakala wa fedha za simu, kazi iliyoanza nchini mwetu mwaka 2008, yuko katika hesabu hii: apata ujira wake kidogo, na jirani apokea fedha aliyotumiwa na mwanawe toka mbali bila kupanda gari kwenda mjini. Katika kazi hizi zote watu wawili hukutana, na wote wawili huondoka na kitu.

Tena lijaribuni kwa habari ya DECI, ambayo wengi wenu mwaikumbuka. Watu waliambiwa wapande mbegu, yaani watoe fedha, kisha baada ya muda wavune nyingi kuliko walizopanda. Maneno yake yalikuwa ya shambani na ya kanisani, na waanzilishi wake walikuwa watu wa kanisani, kwa hiyo waumini wengi hawakuogopa. Lakini mbegu zile hazikupandwa katika udongo wo wote. Aliyetangulia alivuna fedha ya aliyemfuata. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha kazi hiyo, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani baadhi ya wakuu wake. Ingedhaniwa watu wamejifunza. Walakini mwaka 2023 wengine walipoteza fedha zao katika jambo lililoitwa Kalynda, lililokuja kwa njia ya simu na kuahidi malipo ya kila siku kwa mtu akaaye nyumbani kwake.

Hesabu ya mambo ya namna hii yaweza kufanywa na mtoto wa shule. Ikiwa kila mtu hana budi kuleta watu 5 ili alipwe, hao 5 wataleta 25, na hao 25 wataleta 125. Mkifika hatua ya kumi watatakiwa watu 9,765,625, na sensa ya mwaka 2022 haikupata hata watu milioni 3 katika mkoa wote wa Kagera. Basi wa mwisho wapotezapo fedha zao, si kwa bahati mbaya. Jambo lenyewe lilijengwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Hapa twataka kusimama kidogo, kwa sababu watu huwalilia waliopotelewa, lakini hawawasemi waliopata. Mtu husema: "Mimi nilitoka mapema na faida yangu. Sikumdanganya mtu, nilimwita jirani tu, naye alikuja kwa hiari yake." Twajibu: Ndugu, faida hiyo ilikuwa mavuno ya nani? Yamkini hukujua ulipoanza, na kwa hilo hatukuhukumu. Lakini sasa umejua. Ikiwa yule uliyemwita aliuza mbuzi wake ili aingie, faida uliyo nayo ina manyoya ya mbuzi huyo. Zakayo hakuambiwa na hakimu ye yote arudishe. Alipoifahamu hali ya mali yake alirudisha mwenyewe. Nawe tazama uwezo wako, uende kwa jirani yako, mkasemezane jinsi ya kumrudishia, japo kidogo kidogo.

Labda mtu atauliza: "Je, kila kazi inayotaka tutoe fedha kwanza ni mtego?" La. Anayejifunza ufundi humlipa fundi, naye huondoka na ujuzi. Anunuaye cherehani hutoa fedha nyingi, lakini kazi isipopatikana cherehani ingalipo. Mtego ni pale utoapo fedha ili upewe kazi, wala hukabidhiwi ufundi wala chombo, ila ahadi tu. Desturi ya kazi ni kwamba mwajiri amlipe mtenda kazi. Ukiona imegeuzwa, simama, uulize watu wenye akili, wala usikubali kuharakishwa.

Liko neno jingine tusilopenda kuliacha, nalo ni habari ya saa. Kazi ya kando yataka saa, na kila saa ina mwenyewe. Mwalimu auzaye maandazi wakati wa kipindi auza saa za watoto. Mwinjilisti asemaye na wateja kwa simu penye kitanda cha mgonjwa auza saa za mgonjwa. Tena twasema kazi ya nyumbani, kana kwamba nyumba ni tupu yaingoja kazi. Nyumbani yuko mama aliyeamka kabla ya jogoo, akachota maji, akatafuta kuni, akalima. Mara nyingi bwana huanzisha ufugaji wa kuku, akawaambia rafiki zake ya kuwa ana kazi ya kando, na kumbe awalishaye kuku ni mkewe, na asafishaye banda ni binti ambaye angekuwa akisoma. Maharagwe ya namna hiyo yanaisonga kahawa. Ikiwa mikono ya mke imo katika kazi, sauti yake na iwemo katika matumizi ya fedha, na watoto waachiwe shule yao.

Basi ndugu, msione haya kwa kazi ndogo. Mwenye cherehani moja, mwenye mizinga mitatu, mwenye wanafunzi wanne wa jioni, wote wanakula jasho lao. Kabla hujaanza, liulize swali letu, nalo ulirudie kila mwisho wa mwezi uhesabupo fedha: zimetoka kwa nani, nao wamepata nini? Ukiweza kuwataja watu hao kwa majina, na kukutana nao njiani bila kugeuza uso, endelea na kazi yako kwa amani, huku ukiingoja kahawa yako ikomae.