Taipureta na Amana ya Mwandishi

Wako watu siku hizi, vijana kwa wazee, walioanza kuzipenda upya taipureta za zamani. Huzitoa ghalani zilikotupwa, huzipangusa vumbi, huzitia mafuta na utepe mpya wa wino, kisha huketi wakazipiga kwa furaha. Wengine huwacheka wakisema: Ya nini kurudia chuma kizito, na hali tarakilishi imekwisha kushika mahali pake? Sisi hatuwacheki, lakini twapenda kuwauliza swali moja: Mnachokipenda ni nini khasa? Ni chuma, au ni jambo jema lililokuwa likifanyika kwa chuma hicho?

Chuma chenyewe hakina cha kuabudiwa. Taipureta ya Sholes na Glidden, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1874, iliandika herufi kubwa tupu. Na zilizoletwa kwetu zamani za Waingereza zilipangwa kwa ajili ya lugha yao. Kimeru na Kiembu ni lugha zenye irabu saba, na katika maandishi huhitaji ĩ na ũ zenye alama juu yake. Alama hiyo haikuwamo katika mashine ya Kiingereza. Basi jina la mtu, alilopewa na wazazi wake, hupigwa likiwa na upungufu, au karani huongeza alama kwa kalamu akikumbuka. Mwenye kuisifu taipureta na akumbuke pia hayo.

Uzuri wake basi u wapi? Na tuitazame kazi iliyoifanya katika nchi ya Meru na Embu. Zamani mzee aliyedhulumiwa mpaka wa shamba alisimama mbele ya wazee wenziwe, na huko Meru mbele ya Njuri Ncheke, akasema kwa kinywa chake: huu ndio mto, huu ndio mti, huyu ndiye aliyempa babu yangu. Kisha ikaja Sheria ya Kuamua Haki za Ardhi ya mwaka 1968. Kwa sheria hiyo, mtu aonaye kwamba daftari la ardhi limeandikwa makosa ana siku 60 tangu kutangazwa kwake za kuleta pingamizi, na pingamizi hilo sharti liwe la maandishi. Katika nchi ya Mbeere, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Embu, koo zilishindana sana juu ya ardhi katika miaka ya 1970. Fikirini hali ya mzee asiyejua kusoma, na siku zake zinakwisha. Maneno yote anayo, lakini maneno ya kinywa hayapokelewi. Ulimi wake sasa umo katika vidole vya mpiga taipu aliyeketi nje ya afisi.

Hapo ndipo mashine ile ilipoonyesha tabia yake. Kila herufi ni pigo: chuma hugonga utepe, wino ukaingia katika karatasi, na chini yake karatasi ya kaboni ikaipeleka herufi hiyo katika nakala ya pili na ya tatu. Anayekosea hukosea mara tatu, na kufuta kote ni taabu. Kwa hivyo mpiga taipu mwema aliuliza kabla ya kupiga: Mto gani? Ukoo gani? Tangu mwaka gani? Neno lilipimwa kwanza, likapigwa baadaye. Na kazi ilipokwisha, nakala moja ilikwenda kwa afisa, na moja mzee akaikunja akaenda kuiweka sandukuni. Tena herufi za pingamizi lake zilikuwa za sura moja na herufi za barua ya Bwana D.C. Katika karatasi ile hapakuwa na mwandiko wa mkubwa wala wa mnyonge.

Lakini tusidanganyike. Mashine hiyo hiyo haijui kweli wala uwongo. Mpiga taipu aliweza kuongeza neno au kupunguza, na mzee akatia dole gumba juu ya maneno asiyoyajua. Utaratibu wa chuma ulimpa mwandishi nafasi ya kufikiri, wala haukumpa uaminifu. Uaminifu sharti atoke nao nyumbani. Ndiyo maana aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Sura ya al-Baqara, imeshughulika na kuandikiana deni. Humo mwandishi ameamrishwa aandike kwa uadilifu, na mwenye kudaiwa ndiye asomaye maneno ya kuandikwa. Na akiwa dhaifu, msimamizi wake amsemee kwa haki. Kalamu, taipureta na kila chombo kitakachokuja vimo katika hukumu hiyo.

Na vyombo vimekuja. Kiwanda cha Godrej & Boyce cha Mumbai, kilichoanza kuunda taipureta mwaka 1955, kimekwisha kuiacha kazi hiyo. Leo neno huandikwa, hufutwa, hugeuzwa na kupelekwa kwa watu mia kabla halijapimwa hata mara moja. Na mzee wetu bado anatafuta vidole vya kumsemea. Huenda kwa kijana wa saiba mjini Meru au Embu, akampa kitambulisho chake na neno lake la siri, ili amfungulie mtandao wa serikali wa eCitizen. Mwandishi wa nje ya afisi hajafa. Amebadili kiti tu. Na amana aliyoishika sasa ni kubwa kuliko ile ya zamani, maana mpiga taipu alishika barua moja, na huyu ameshika mlango mzima.

Basi mwenye taipureta na aitunze, aipige, na aifurahie sauti ya kengele yake mwishoni mwa mstari. Hapana ubaya. Lakini atakaye kuurithi uzuri wake kwa kweli, na afanye kazi ya mpiga taipu mwema kwa chombo chochote alicho nacho: aulize kabla ya kuandika, amsomee mwenye maneno yaliyoandikwa kwa lugha anayoifahamu, asiongeze lake, na asimwache aondoke bila ya nakala mkononi.