Picha ni Amana

Twaulizwa na ndugu zetu: ipi bora kuwawekea watakaokuja, picha ya filamu au ya dijitali?

Twajibu kwa mfano wa Timau, mji wa Meru ulio kaskazini ya Mlima Kenya. Mwaka 1899 Halford Mackinder na wenzake walipoupanda mlima huo waliipiga picha barafu yake. Leo sehemu kubwa ya barafu ile imekwisha kuyeyuka. Na lau picha zile hazikutunzwa, nani angejua kilichopotea?

Filamu huliwa na joto na unyevu, nasi watu wa pwani twalijua hilo. Lakini ukiiinua kwenye mwanga, jicho laona. Ya dijitali ni hesabu tupu: hunakiliwa mara elfu isipungue, lakini bila ya chombo cha kuisoma ni kama haipo.

Basi amana haiko katika chombo, iko kwa mwenye kutunza. Wazee wetu walihifadhi ilimu kwa kunakili na kwa kumtaja aliyewasomesha. Nasi tunakili picha zetu, tuziweke mahali pawili, tuandike jina, mahali na mwaka. Apuuzaye hayo amewadhulumu wasiozaliwa bado, nao hawana ulimi wa kumdai leo. Wallahu aalam.