Je, Kiraka ni Uongo?



Jumapili moja baada ya ibada, tulipokuwa tukisalimiana chini ya mwembe, ndugu mmoja wa kanisa letu alinivuta kando akaniuliza swali. Yeye ni fundi wa vyombo vya baharini, na kazi yake hasa ni mashua za tanga za starehe, zile zinazotia nanga kule Mtwapa. "Mwalimu," akasema, "nikitia kiraka nilichoagizwa na mwenye chombo, nami najua kwamba hakitashika, dhambi ni yangu au ni yake?" Sikuwa na jibu siku ile. Nimelichukua swali lake nyumbani, na leo nawaletea ninyi, kwa kuwa naona si la mafundi peke yao.

Kwanza yafaa tulielewe jambo lenyewe. Chumba cha ndani cha mashua hizo hupata mwanga na hewa kwa vidirisha vya juu ya sitaha, ambavyo hufunguka kama kifuniko cha sanduku. Fremu yake mara nyingi ni ya alumini, na kioo chake si kioo cha kweli bali ni plastiki ngumu iitwayo akriliki, iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1930. Ikiwa mpya ni safi kabisa. Lakini jua la pwani halina huruma. Baada ya miaka kadhaa akriliki hufanya nyufa nyembamba nyingi kama utando wa buibui, mpira wa kuzuia maji hukauka, na silikoni iliyoshika kioo huanza kuachana na fremu. Mwenye kusafisha kwa spiriti au asetoni huyazidisha maradhi, maana vitu hivyo huila akriliki.

Dawa ya kweli ni kubadilisha. Fundi hutoa kioo cha zamani na kuikwangua silikoni yote ya kale, kwa sababu silikoni mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu. Hukata akriliki mpya ya unene ule ule, akiacha nafasi kidogo pande zote. Kwa maana kipande cha urefu wa mita 1, joto likizidi kwa nyuzi 30, hurefuka kwa karibu milimita 2, na kikibanwa hupasuka. Kisha hutia silikoni ya kutosha, asiikamue yote ikatoka, akaiacha siku kadhaa ikauke. Mwisho humwaga maji kwa nguvu juu, na kuingia ndani kutazama kama kuna tone. Ni kazi ya siku nyingi, na sehemu yake kubwa hufichika chini ya fremu.

Sasa, mwenye chombo alikuwa na mnunuzi ambaye angekuja kukagua siku ya Jumamosi. Alimtaka fundi akisugue kioo kwa dawa ya kung'arisha, kisha apake mstari wa silikoni mpya juu ya ile ya zamani. Kwa majuma machache kila kitu kingeonekana kizuri. Malipo yalikuwa mazuri, naye fundi alikuwa akidaiwa karo ya muhula.

Niliwauliza baadhi yenu. Mzee mmoja alisema kwamba fundi ni mtu wa kuagizwa tu. Mwenye mali ndiye mwenye kujibu. Neno hili lina uzito wake, kwa maana mtu mwenye njaa hawezi kuwa hakimu wa kila tajiri wake. Lakini hapa fundi hakuombwa mikono yake tu, aliombwa ujuzi wake. Mwenye mashua asingeweza kumdanganya mnunuzi peke yake. Alimhitaji mtu anayejua kazi nzuri inavyoonekana, ili aiigize. Hila hiyo bila fundi haipo.

Mwingine alisema, wajinga ndio waliwao. Mnunuzi ana macho, na atazame mwenyewe. Ndiyo, ni wajibu wa mnunuzi kutazama. Lakini twawezaje kumwambia mtu afumbue macho, huku tumemlipa mwingine ayafumbe?

Jibu lililonisumbua zaidi lilitoka kwa mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama. "Mimi nimetia viraka nguo za wanangu miaka yote," akasema. "Je, nami ni mwongo?" Nilifikiri sana. Nikaona kwamba kiraka chake kiko wazi, na hakimwambii mtu kwamba nguo ni mpya. Hata baharini ni hivyo. Nahodha anayevujiwa katikati ya safari hufunika kidirisha kwa turubai, wala hamdanganyi mtu. Wazee wetu wa majahazi walikalafati kwa pamba na mafuta mara kwa mara, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba chombo cha mbao huvuja, na kazi hiyo haina mwisho. Basi uongo haumo katika kiraka. Umo katika kimya kinachowekwa juu yake.

Wala tusiseme kwamba ni kimya kidogo. Mwezi wa Agosti 1979, mashua 303 zilianza mashindano ya Fastnet, kutoka Uingereza kuuzunguka mwamba ulio karibu na Ireland. Dhoruba kali iliwakuta njiani, na mabaharia 15 wa mashindano hayo wakafa. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulitaja, pamoja na mambo mengi, mbao za kufungia mlango wa kuingilia ndani, ambazo katika baadhi ya mashua hazikushikizwa vya kutosha. Sisemi kwamba palikuwa na hila. Nasema tu kwamba kila tundu la juu ya chombo, hata dogo, ni jambo la uhai kwa mtu aliyelala chini yake. Naye alalaye hana budi kuamini neno la mjuzi.

Fundi wetu hakungoja jibu langu. Siku ya Jumatatu alimwendea mwenye chombo akamwambia: "Bwana, nitakubadilishia kioo. Au kama fedha hazitoshi, nitatia kiraka, lakini nitaandika katika risiti kwamba ni kiraka, nawe umwonyeshe mnunuzi na kumpunguzia bei." Mwenye chombo alicheka, akampa kazi fundi mwingine. Karo ililipwa kwa kukopa.

Basi nikiulizwa tena, nitasema kwamba dhambi hiyo haigawanywi nusu kwa nusu. Kila mmoja angeibeba nzima. Lakini sipendi kuishia hapo, kwa sababu ni rahisi kumsifu mtu aliyepata hasara sisi tukiwa hatukupata.

Mnakumbuka paa la ukumbi wetu lilipovuja. Mafundi wawili walikuja. Wa kwanza alisema mabati yaliyooza lazima yabadilishwe, akataja bei yake. Wa pili alisema lami itatosha. Kamati ilimchagua wa lami, nami nilikuwa mmoja wa walioinua mkono. Hatukumwuliza kama itadumu, kwa kuwa hatukutaka kusikia. Yule aliyetuambia kweli tulimwita ghali, akaenda zake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kumwuliza fundi kama dhamiri yake ni safi, tujiulize sisi tunaomwajiri tunainunua dhamiri hiyo kwa bei gani. Paa lile linavuja tena, na ndoo iko pale pale nyuma ya kinanda. Kamati itakutana mwisho wa mwezi. Nimeomba kwamba safari hii tumwite yule wa kwanza, naye asome hesabu yake mbele yetu sote.