Tunu ya Aliyekwenda kwa Niaba

Katika ada za Wajapani sijaona niipendayo kuliko hii, kwamba mtu arudipo safarini, japo ilikuwa safari ya kazi na ya usiku mmoja tu, huona ni wajibu kuwaletea ahali, jirani na wafanyakazi wenziwe chakula kinachosifika katika mji aliouzuru. Tunu hiyo huiita omiyage.

Mgeni ayaonaye masanduku ya vyakula yaliyopangwa katika stesheni za reli aghalabu hudhani kuwa huo ni ukarimu wa msafiri. Mimi nauona kuwa ni ulipaji wa deni. Zama za Edo, baina ya 1603 na 1868, kila mtu alitamani kulizuru hekalu kuu la Ise, lakini kutoka Edo, mji uitwao leo Tokyo, ilikuwa safari ya miguu ya takriban wiki mbili, na gharama yake ilimshinda mkulima. Basi wanakijiji walichanga fedha, wakapiga kura, na aliyeangukiwa na kura akaenda kusali kwa niaba ya wote. Angerudije mikono mitupu? Alirudi na hirizi za hekalu na vitu vyepesi, kwani chakula kingeharibika njiani. Ni reli, iliyoanza Japani mwaka 1872, iliyokiwezesha kufika kingali kitamu.

Huko Ise huuzwa akafuku, ambayo duka lake linahesabu mwanzo wake tangu 1707: tonge la mchele wa kunata uliopondwa, limefunikwa maharage mekundu yaliyosagwa kwa sukari, na juu yake ipo mifuo mitatu ya vidole, mfano wa mkondo wa mto Isuzu upitao kando ya hekalu. Halikai siku nyingi. Alichukuaye hana budi kuharakisha.

Mnunuzi wa leo, kabla ya kulipa, huwahesabu watu wa ofisini mwake, kisha huhesabu vipande vya sandukuni, kila kimoja kimefungwa peke yake, asije akakosa hata mdogo wao. Hesabu hiyo hunigusa sana, maana hao ndio waliobeba kazi yake alipokuwa hayupo.

Wako Wajapani wanung'unikao kuwa ada hii imekuwa kodi, nami siwalaumu, kwani mfuko una mpaka wake. Nisilolikubali ni jingine: Tokyo yako maduka yauzayo vyakula vya mikoa ya mbali, na aliyesahau huweza kununua humo tunu ya mahali alikotoka jana. Huyo na awaambie wenziwe kwamba amesahau, watamsamehe.