Je, Kijana Asomeshwe Hoja za Mpinzani?

Wengi hudhani ya kuwa kumsomesha kijana siasa ni kumfundisha ama kuisifu serikali ama kuitukana. Sisi twaona iko njia nyingine, na mfano wake uko Marekani.

Huko, wanafunzi wa sekondari wanaochagua somo la serikali na siasa la daraja ya chuo kikuu hupewa maandishi 9 ya lazima. Katiba ya 1787 imo, na makala za walioitetea zimo. Lakini imo pia makala ya mtu aliyejiita Brutus, ambaye mwaka ule ule aliwaonya watu wa New York wasiikubali, kwani dola kubwa mno itameza madaraka ya majimbo na uhuru wa raia. Rai yake ilishindwa, na bado yasomwa. Tena imo barua ya Martin Luther King ya 1963, aliyoiandika akiwa kifungoni Birmingham kwa kuandamana bila ya ruhusa, akitoa hoja kuwa sharia ya dhulma haistahiki kutiiwa.

Watasema baadhi ya watu kuwa huku ni kupanda fitina. Hatukubali. Aliyesikia upande mmoja tu hakuichagua rai yake, ameikuta.

Khofu yetu ni nyingine. Mtihani wenyewe hupimwa kwa alama 1 hadi 5, na kijana aweza kuihifadhi barua ile yote kwa kuitaka hiyo 5, asijiulize hata siku moja ni nani aliyefungwa mjini mwake, na kwa kosa gani.