Kuhama na Watoto kwa Ajili ya Kazi

  

Ndugu zetu Waislamu, liko swali moja ambalo huletwa mara kwa mara mbele yetu na wenzetu wanaopata kazi huku Meru na Embu. Mtu ni mwalimu, au muuguzi, au karani, na kwao ni Mombasa au Lamu. Ana mke na watoto wadogo: mkubwa ameshaanza juzuu ya Amma, na mdogo angali akinyonya. Barua ya kazi imemfikia. Je, awachukue watoto wake, au awaache kwao awe akiwapelekea fedha?

Swali hili limezidi kuulizwa tangu serikali za kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia kilipata hati yake mwaka huo huo, na Chuo Kikuu cha Embu mwaka 2016. Na vyuo hivi, pamoja na hospitali kuu za miji hii miwili, huajiri watu wa kila upande. Kisha mwaka 2018 Tume ya Huduma za Walimu ilianza kuwahamisha walimu wengi mbali na makwao. Mpango huo ulilalamikiwa sana hata ukaja ukalegezwa, walakini wako waliokwisha kung'oa vitu vyao na watoto wao.

Kutafuta riziki ya halali katika ardhi ni jambo lililoamrishwa, wala si aibu kuhama kwa ajili yake. Lililo aibu ni vile baadhi yetu wanavyojitayarisha. Wako wanaokwenda kwa mpiga ramli ili awatazamie siku njema ya kusafiri. Wako wanaowafunga watoto hirizi shingoni kwa kuambiwa kuwa bara kuna wachawi. Haya Mtume wetu ameyakataza. Alitukataza kufuata mikosi na ndege mbaya, na mahali pake akatufundisha istikhara: rakaa mbili na dua, kisha mtu ashike jambo lake kwa kumtegemea Mola wake. Wala istikhara si kulala ukingoja ndoto, kama wanavyodhani wengi.

Baada ya kumtaka shauri Mwenyezi Mungu, mtake shauri mkeo. Katika Sura ya Al-Baqara, mume na mke wametakiwa waridhiane na washauriane hata katika kumwachisha mtoto ziwa. Basi ikiwa kumwachisha mtoto ziwa kwataka mashauri, vipi kumhamisha mtoto huyo kutoka pwani hadi mlimani, safari ya kilomita zipatazo 700, kwenye baridi na ukungu wa mwezi wa Julai, mbali na bibi yake aliyekuwa akimlea? Mume anayemwambia mkewe, "Funga mizigo, twaondoka Jumamosi," ametumia nguvu mahali pa mashauri.

Ama jawabu la swali lenyewe, sisi twaona ya kuwa asili ni mtu kukaa na watoto wake. Mtume ametufunza kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Fedha zinazopelekwa kwa simu zitamnunulia mtoto unga na viatu, lakini hazitamwamsha kwa sala ya alfajiri. Tukumbuke habari ya Ummu Salama (R.A.). Alipozuiliwa asihajiri na mumewe, na mwanawe akanyang'anywa, alilia muda wa karibu mwaka mzima mpaka wakamwachilia, akarudishiwa mwanawe akasafiri naye kwenda Madina. Yule alitenganishwa kwa dhuluma. Je, sisi tutajitenganisha kwa hiari? Lakini mwenye udhuru, kama ugonjwa au kazi ya miezi michache, huyo hana lawama, maadamu hakati kuwazuru.

Watu hutujibu: "Huko bara watoto watapotea. Madrasa ziko mbali, na shule nyingi asili yake ni misheni." Hofu hii ina ukweli. Hapana shaka kuwa shule nyingi za Meru zilianzishwa na Wamethodisti na Wakatoliki, na za Embu na Waanglikana. Basi dawa yake ni ipi? Tuitazame dua ya Nabii Ibrahim (A.S.) alipowaweka jamaa zake, kwa amri ya Mola wake, katika bonde lisilo na mimea. Jambo la kwanza alilolitaja ni kuwa wasimamishe sala. La pili, nyoyo za watu ziwaelekee. La tatu, wapewe matunda. Sisi tumeugeuza mpangilio huu. Twauliza kwanza mshahara, kisha nyumba na maji, na habari ya sala twaiuliza watoto wanapokuwa wamekwisha kusahau Alhamdu.

Basi anayekuja na aanze alipoanza Ibrahim. Kabla ya kulipa kodi ya nyumba, na aulize: msikiti uko wapi, na nani asomesha watoto? Shuleni na aulize kama yuko mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu. Akiwa hayuko, na aombe kwa adabu, huku akijua kuwa kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 hakiruhusu mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha dini yake. Na madrasa ikiwa mbali, baba na mama na wasomeshe wenyewe baada ya magharibi. Samaki mkunje angali mbichi. Na mtoto aonyeshwe kuwa kibla cha Mombasa ni upande wa kaskazini, na cha Meru na Embu ni upande huo huo. Nyumba imehama, lakini kibla chake hakikuhama.

La pili ni nyoyo za watu. Masahaba waliohamia Uhabeshi waliishi chini ya mfalme wa Kikristo, wakazaa na wakalea huko, na wakaheshimiwa kwa ukweli na uaminifu wao. Basi tusiwafundishe watoto wetu kumdharau jirani na kumwita mshenzi. Waacheni wajifunze Kimeru na Kiembu, kwani kutofautiana kwa lugha ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Na mtoto akilia kwa kuitamani pwani, asikaripiwe. Abubakar na Bilal (R.A.) walishikwa na homa Madina, na Bilal akaitamani Makka kwa sauti, Mtume hakuwalaumu, bali alimwomba Mwenyezi Mungu aufanye mji wa Madina upendeze kwao.

Limebaki neno letu sisi tulio wenyeji wa misikiti ya huku. Mgeni hufika, akasali Ijumaa nne katika safu zetu, na hapana aliyemwuliza jina wala watoto wake wanasoma wapi. Ila siku ya mchango ndipo hujulikana. Na wako watu wa pwani ambao, wakiisha kuzoea, huwatazama Waislamu wa Kimeru na Kiembu kama wanafunzi wao wa milele. Je, hivi ndivyo walivyofanya Maansari? Wao waliwagawia wageni nyumba na mali zao, na Mtume akawaunga udugu mtu na mtu. Sisi hatukutakiwa kugawa nyumba. Tumetakiwa tumchukue mtoto wa mgeni kwa mkono tumpeleke chuoni pamoja na wetu. Tukishindwa na hili, tusimlaumu baba aliyewaacha watoto wake Mombasa, kwani sisi ndio tuliomtia hofu.

Ewe Mola wetu, tujaalie sisi na vizazi vyetu tuwe wenye kusimamisha sala, uzielekeze nyoyo za watu kwetu na zetu kwao, na uturuzuku riziki ya halali popote utakapotuweka. Amin.